Taya Lililoonekana Mirihi

Nyumbani, Karoo
28 Septemba

Kaka yangu mpendwa Apools,

Salamu zangu zikufikie wewe, wifi na watoto, na ziwakute na afya ileile mliyoondoka nayo hapa Krismasi. Sisi huku ni wazima. Mvua bado inatukwepa, pampu ya upepo inalia kutwa bila kutoa maji ya maana, na kondoo wa Mama Siena wameingia bustanini kwangu tena. Nimemwambia atakayerudi nitamla. Baba anakusalimu sana. Anakushukuru kwa kile kishikwambi, ingawa mechi za raga ulizomwekea hajaziangalia hata moja.

Anachoangalia ni Mirihi. Picha zinazopigwa na lile gari lisilo na dereva huko kwenye sayari hutolewa bure, kila mtu azione. Nilimfungulia siku moja ili nipate nafasi ya kupika, na tangu hapo sina baba. Anasema ile ni Karoo yetu hii kame, ila Mungu alisahau kuitia kondoo. Mawe yamelala tabaka juu ya tabaka, na mto uliokauka umeacha matope yaliyogeuka mwamba, vilevile kama huku. Gari lenyewe analiita punda, na hulikaripia nikimsikia jikoni: “We punda, unakimbilia wapi? Rudi hapo, jiwe zuri hilo umelipita!”

Lakini anawaheshimu kupita kiasi waliolipeleka. Aliniambia watu wale wamefikisha macho mahali ambapo hata mguu wa mbwa haujakanyaga, kisha wanagawa walichokiona bure. Akaniuliza kama ni mimi ningegawa bure. Nikageukia sufuria yangu, maana mimi hata spinachi nimewanyima kondoo wa jirani.

Napenda kumtazama akiwa kazini, Apools. Mzee aliyezunguka mashamba yote haya akiwatafutia watu wa makumbusho mifupa ya kale, leo anatafuta kwa kidole. Anakileta kishikwambi karibu na pua na kuinamisha kichwa upande, kama kuku anayekagua punje. Anaweza kukaa na jiwe moja asubuhi nzima.

Basi mwezi uliopita alipiga ukelele nikaacha mikate kwenye makaa ikaungua yote. Alikuwa amepata taya. Alinionyesha meno yamejipanga na juu yake tundu la jicho, na mimi niliyaona, naapa. Nilifikiria mnyama aliyekufa kando ya maji huko mbali, akasubiri miaka isiyohesabika, na wa kwanza kumwona awe baba yetu, Floors Malgas wa mtaa huu.

Kabla ya saa sita mtaa mzima ulijua. Mama Siena alikuja akiwa bado na aproni ya jikoni, akauliza huyo mnyama alikuwa anakula nini kule, vumbi? Baba akamjibu kwamba hata yeye Siena anakula vumbi mwaka wa tatu huu na mbona hakondi. Mama Siena akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, “Floors, ndiyo maana wakasema ulimi hauna mfupa!” Baba akamwambia ulimi wake yeye umewahi kuwa nao mara nyingi. Unamjua na ile desturi yake ya kulamba: mfupa wa kale hunata ulimini, jiwe la kawaida halinati. Akaongeza kwa huzuni kwamba Mirihi ulimi haufiki.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanza. Siku ya Urithi mwezi huu walikuwa wanakuja wageni wa chuo kikuu, na Baba alialikwa azungumze kwenye ukumbi wa kanisa. Unajua neno lake lina uzito gani hapa. Maisha yake yote hajawahi kuita jiwe mfupa. Floors akisema chimbeni, watu walikuwa wanachimba. Sasa nikamfikiria amesimama mbele ya wasomi akitangaza taya la Mirihi, nao wakimchekea kwa adabu. Kicheko cha adabu ndicho kinachoua mtu.

Nawe unaikumbuka kanuni yake: hatangazi mpaka auone mfupa kwa jua la asubuhi na kwa jua la jioni, kwa sababu kivuli ni fundi wa kuchonga. Safari hii furaha ilimzidi akatangaza kwanza. Alipotulia akanituma nitafute kama punda amelipiga jiwe lile picha nyingine jua likiwa upande wa pili. Nikaipata siku ileile. Taya halikuwepo. Kulikuwa na ufa, na vishimo vilivyoliwa na upepo, na tabaka la mwamba lililomeguka. Moyo ulinishuka kana kwamba nimefiwa. Kila asubuhi Baba akiniuliza, “Drieka, punda amerudi?” mimi nilimjibu bado.

Njia ya mwongo ni fupi, kaka. Siku ikafika, ukumbi ukajaa, Baba akapanda jukwaani na koti lake la harusi yako. Akawaeleza kuhusu taya, vizuri mno, hadi watoto wakaacha kuchezacheza. Kisha akasema yeye amelea mabinti na kondoo na anajua sauti ya anayeficha kitu. Akasema “bado” yangu imekuwa na mafuta mdomoni. Watu wakacheka, mimi nikatamani ardhi inimeze. Akaniita: “Njoo mwanangu. Tia ile ya jioni tuione sote.”

Nikaitia ukutani kwa projekta. Baba akauliza, “Haya, mnaona nini?” Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Akarudia: “Semeni, sitalia.” Mama Siena ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake: “Jiwe, Floors. Ni jiwe tu.”

Baba akaitikia kwa kichwa, akatabasamu. Akasema basi ni jiwe, na tumshukuru punda kwa kugeuka. Akasema kukosea kwa jua moja si aibu, aibu ni kukataa jua la pili. Profesa Lekgoathi, kiongozi wa wale wageni, alisimama kupiga makofi, akakiri kwamba naye katika picha hizohizo aliwahi kuona samaki na akamwamsha mumewe. Alisema kama kule kuliwahi kuwa na uhai, huenda ni wadudu wasioonekana kwa macho, wameacha alama ndogo kwenye matope, na anayetafuta alama hizo anahitaji moyo kama wa mzee huyu. Ukumbi mzima ulisimama. Nililia bila kuficha.

Lakini mimi niliona jambo ambalo wengine hawakuliona, na ndilo lililonifanya nikuandikie. Wakati wote ule Baba anauliza tunaona nini, alikuwa ameugeukia ukuta usio na picha.

Tulipofika nyumbani nikamuuliza. Akaniambia tangu majira ya baridi ya mwaka huu katikati ya macho yake pamezimika, zimebaki kingo. Daktari wa mji wa Graaff-Reinet amesema hatapona. Lile taya hajui kama aliliona au alilikumbuka. Na alinikataza nisikuambie, kwa kuwa anajua utakuja kumchukua akaishi kwenu ghorofani, mahali ambapo hakuna jiwe hata la kumtupia paka.

Jana nilimshika mkono tukashuka kwenye korongo kavu. Nilimwelezea kila nilichokiona, rangi na vivuli, naye akaniongoza: kushoto, chini zaidi, hapo. Nikaokota kipande cheusi nikampa. Akakipapasa, akakiweka ulimini, kikanata. Alisimama ameachama, kipande kinaning’inia, akicheka kwa macho yasiyoniona vizuri, na sijapata kumpenda mtu kama nilivyompenda saa ile.

Kwa hiyo nakuomba, Apools. Njoo Krismasi, lakini usije na gari la kumhamisha. Njoo na viatu vya kutembea. Asubuhi macho yake nitakuwa mimi, na jioni utakuwa wewe.

Mbusu wifi na watoto kwa niaba yetu. Mama Siena anasema umletee hina ya huko kwenu Kimberley, eti ya huku haishiki.

Dada yako akupendaye,
Drieka