Nywele za Msiba wa Marwa

Jumatatu, 13 Januari
Nimemwosha Mama mkwe nywele tena. Maji ya moto, sabuni ya mche, malalamiko. Zote nyeupe sasa. Kwetu nywele za msiba hunyolewa mambo ya marehemu yakiisha. Mama anasema ya Marwa hayajaisha, basi hatunyoi, yeye wala mimi. Marwa, mume wangu, alikuwa dereva wa lori. Alipigwa risasi nchi jirani, wanajeshi walipofyatulia umati kwa amri ya rais wao. Hata mwili hatukuletewa. Rais huyo ameshatoka madarakani. Kesi yake ni Machi.

Alhamisi, 20 Machi
Imeahirishwa. Wakili wetu amepiga simu: upande wa rais unadai aliyekuwa Ikulu hashitakiki. Hapa Machochwe mwizi wa ndama husimamishwa asubuhi mbele ya ritongo, baraza letu la wazee. Jioni ameshajibu. Huyu hajaulizwa hata jina. Kwa hasira nimeunguza ugali.

Ijumaa, 13 Juni
Imeahirishwa. Safari hii mshitakiwa ana presha. Mama naye ana presha, na leo kapalilia mtama. Mnadani wanawake wamenicheka nywele. Ngoja ngoja huumiza matumbo, langu linauma kweli. Nataka kunyoa. Nimechoka na marehemu. Nimeshaandika, sifuti.

Jumapili, 17 Agosti
Mama hakwenda kanisani. Miguu imevimba, uji haupiti. Daktari kasema ni moyo. Mchana wakili kapiga: mahakama imeamua, rais anashitakika. Nimelia kwa furaha. Kisha nikauliza, lini? Mwakani. Mama nimempa nusu ya kwanza tu. Akapiga kigelegele kitandani, sauti ndogo. Naogopa. Mwakani hatakuwepo.

Jumatano, 3 Septemba
Asubuhi Mama ameomba kiti nje, juani, na wembe mpya.

"Bhoke, ninyoe. Yule ana miaka ya kungojea. Mimi sina."

Kumbe alijua. Sikubishana. Nimemnyoa taratibu, nikampaka samli. Kichwa chake kidogo, sikuwahi kukiona. Akanyoosha mkono, anataka wembe, zamu yangu. Nikaurudisha kwenye karatasi yake.

"Zangu bado, Mama."

Alinishika tu mkono, akakaa nao. Baadaye nikafunga kilemba, nikaenda kupika uji. Leo ameumaliza.