Komeo la Chumba Chako, Kaka

Mwaka umetimia, kaka yetu fundi saa, tangu ututoke, na nyumba bado imejaa watu kama nilivyoizoesha.

Majirani wanaikumbuka mikono yako. Saa iliyowashinda mafundi wote uliifufua, ukairudisha imefutwa mpaka kioo, bila neno. Kikombe chako kilikaa palepale, mshikio ukitazama dirisha. Mtoto akikigeuza, unakirudisha tu, humgombezi.

Mimi dada yako napenda wageni, wewe ulipiga komeo mlangoni mwa chumba chako. Nikasema unaringa. Nikamwambia shemeji yako aling'oe, ili nikuvute mkono uje kusalimia. Ukawa unakaa katikati ya sebule, uso mkavu, nasi tunacheka: "Huyu hana habari na mtu!"

Ndipo watafiti wa ubongo wakatafuta watu wenye usonji kama wewe. Walikulaza kwenye mashine, ndani ya tundu jembamba, wakakuonyesha picha za sura ngeni. Mimi ningepiga mayowe. Ulipotoka nikakuuliza, "Hukuogopa kufungiwa humo?"

"Mashine inagonga kwa mpangilio," ukasema. "Nyie mnagonga ovyo."

Mtafiti akatuonyesha picha ya ubongo wako. "Kila sura ilipotokea, hapa penye hofu paliwaka. Anaogopa sana huyu. Uso wake tu ndio hausemi."

Mama akanitazama. Sikuwa na pa kuficha macho. Miaka yote ile ulinaswa sebuleni kwetu, nasi tunakuongezea chai.

Njiani ukaniomba kitu kimoja: "Dada, nirudishie komeo."

"Wageni wa harusi ya binti yangu waondoke kwanza," nikakujibu.

Walikuwa hawajaondoka moyo wako uliposimama. Mlango wako ulikuwa wazi, watu wanachungulia.

Shemeji yako amelirudisha komeo, kakaza skrubu zote nne. Leo waliokuja kukukumbuka wamejaa sebuleni, na mimi, mpenda watu, nimejifungia chumbani mwako naandika haya. Wanagonga. Kutoka siwezi, na humu namo sipumui.

Tunaokukumbuka ni mama, shemeji yako, wapwa wako, ambao siku hizi wanabisha hodi na kusubiri, na mimi dada yako, niliyechelewa.

Hutatoka mioyoni mwetu kamwe, kaka. Kikombe chako kinatazama dirisha.