Soli za Winga wa Kushoto

Mpendwa mdogo wangu Wanjala,

Ungependa nikuandikie kwa faragha, nakujua. Lakini siku ile ulichekwa mbele ya mtaa mzima, kwa hiyo na haya nayaandika mbele ya watu.

Unaukumbuka uwanja wetu wa Kariobangi. Njia ya kwenda sokoni ilipita ubavuni kushoto, na desturi yetu ilikuwa kwamba akipita mtu mwenye mzigo kichwani, mpira unasimama. Nani angetaka kucheza huko? Wote mlijazana katikati kama kuku waliomwagiwa mahindi, na timu yoyote yenye mabeki wawili wenye miili ilituzuia bila jasho.

Mimi nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, kozi ya ukocha sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni oili chafu ya gereji jirani. Nikachora mistari ya pembeni kwa oili hiyo na kutoa amri: tukipata mpira, winga aanze akiwa ameukanyaga mstari. Mazoezini, bao ambalo mpira haukupitia pembeni halikuhesabiwa. Baada ya kila mchezo mawinga waliinua miguu nikakagua soli. Soli nyeusi, kazi imefanyika. Soli safi, unazunguka uwanja mara kumi.

Mama alikuwa akitufokea mlangoni. "Hii oili ya gereji mnaniletea kwa nyumba ya nini?"

"Muulize kocha," ulimjibu ukicheka. Uwanjani nilikuwa nimekukataza kuniita kaka, wewe ukaamua kuniita kocha hata mezani. Nilijifanya sioni utani huo.

Halafu ikaja fainali ya kikombe cha mtaa, dhidi ya vijana wa mtaa wa Lucky Summer. Nilikupanga winga wa kushoto na kukuambia usitoke kwenye mstari. Ukasimama. Kipindi kizima cha kwanza mpira haukukufikia hata mara moja, maana wenzako waliona watu wengi wakaingiwa na woga, wakarudia mchezo wao wa katikati. Mashabiki wakapata la kusema. "Manze, huyo msee anauza nini huko kando?" Mama mmoja aliyekuwa akipita na gunia la mboga za sukuma wiki alikuonea huruma: "Mwanangu, kwani wamekukataza kucheza?" Hata mimi nilicheka. Hilo uliliona.

Wakati wa mapumziko ulinijia. "Kocha, niingie ndani kidogo? Huku ni kama sipo."

"Ukikanyaga katikati nakutoa," nikakwambia. Sikukueleza sababu. Nilidhani kocha akieleza anaonekana dhaifu.

Zikiwa zimebaki dakika chache, beki wao wa kulia alichoka kukuacha peke yako, akakufuata mstarini. Beki wa kati akasogea kuziba nafasi yake. Katikati pakabaki wazi, mlango ambao lori lingepita, na Otish, mshambuliaji wetu, akapita hapo na kufunga. Tukashinda moja bila. Wewe mpira hukuugusa.

Watu wakambeba Otish, kisha wakanibeba mimi. Waliponishusha nilikukuta mbele yangu, umesimama kwa mguu mmoja, umeinua mwingine nikague soli kama kawaida. Nilikuwa nimezungukwa na watu wakinipa mkono.

"Baadaye," nikasema.

Hiyo baadaye haikufika. Wiki iliyofuata hukuja mazoezini, na kabla ya mwaka kwisha ukahamia Eldoret kwa mjomba. Tangu hapo tunaongea habari za mvua na za watoto. Hata kwenye mazishi ya mama tulisimama pande mbili za kaburi, tukasalimiana kwa adabu kama wageni.

Bado nafundisha vijana jioni. Siku hizi naeleza. Nawaambia winga anaweza kufunga bao kwa kusimama tu, akiwa mvumilivu na akiwa na moyo wa kuchekwa. Nawaambia nilikuwa na mmoja wa namna hiyo. Wanauliza yuko wapi, nami nabadilisha mada. Naona aibu, Wanjala. Lile bao lilikuwa lako, nililijua saa ile ile mpira ulipogusa wavu, na kiburi kikanifunga mdomo.

Juzi nilifungua sanduku la mama. Chini kabisa, zikiwa zimefungwa kwa gazeti, nilikuta raba zako za siku ile. Yule aliyekuwa akitufokea kwa sababu ya oili hakuwahi kuziosha. Nikatoka nazo nje kwenye mwanga, nikazigeuza. Zote mbili ni nyeusi kuanzia kisigino hadi kidoleni.

Zimekaa mezani kwangu, na mlango wangu unaujua. Ukipita Nairobi, ingia bila kubisha. Ukiona huwezi, basi baki salama huko na uwasalimie watoto.

Ila jua kwamba nimezikagua. Kazi ilifanyika.

Ni mimi,
kaka yako