Kigweno cha Kwenye Waya

Vudee, 9 Mei 2006
Asubuhi ya ukungu, mvua imekatika.

Mdogo wangu Agatha,

Shikamoo yako naipokea kabla hujaitamka. Mkono umeunga? Mama anauliza kila jioni kama sasa unaweza kuinua ndoo. Sisi tu wazima, ila baridi imemkaza magoti.

Nilikuahidi kutafuta kwa nini kompyuta ya usharika inasuasua kila ninapokuandikia. Kwa ukuukuu wake, niliilaumu yenyewe kwanza. Nikabadilisha waya wa modemu, nikafuta programu zisizotumika, nikakausha viungo vya laini vilivyoingia maji. Barua za mchungaji, ninazotuma asubuhi, zilikwenda. Zako, ninazoandika mchana ofisi ikiwa tupu, zilikwama, na mara nyingine laini ilikatika kabisa.

Ndipo fundi Yunus akapanda kutoka Same. Alipima, akasema modemu ni nzima na laini ni nzima. Mtandao huzubaa hivyo mtu mwingine akiinua mkonga wa simu hiyohiyo. Akaniuliza simu ya pili iko wapi. Nikamwambia hatuna. Akacheka, akanionyesha waya unaopita darini hadi stoo.

Ufunguo wa stoo anao mumeo Wilbard, tangu achaguliwe mzee wa kanisa.

Juzi baada ya ibada alinisogelea mbele ya watu, na tabasamu lake lilelile alilokuwa nalo hospitalini, alipowaambia manesi kwamba umeteleza shambani. Akasema, "Shemeji, hicho Kigweno chenu mbona mnakisema kama mnakaanga samaki?"

Wanawake wakacheka, wakidhani ananitania. Mimi nilielewa. Alikuwa amesikia mlio wa modemu, akadhani ni mimi na wewe tunaongea lugha ya mama, ambayo yeye na Chasu chake cha Wapare hajawahi kuielewa. Nilifurahi, Agatha. Nikajiambia asikilize hadi masikio yamchoke, maana barua ya kompyuta haisikiki.

Nilipofika nyumbani, nikakumbuka Alhamisi. Mtandao uligoma, wewe ukanipigia simu ofisini, na tukazungumza Kigweno ili tuwe salama. Lakini Kigweno hakina neno lake la kusema Korogwe ulikojificha, wala jina jingine la Redempta. Uliyataja yote mawili. Nilisikia pumzi kwenye waya, nikadhani ni zako.

Jana Wilbard alimuuliza Novatus, anayeshusha tangawizi kwa lori, kama anamfahamu Redempta yeyote wa Korogwe. Novatus alikana, akaja kuniambia. Ndiye anayekuletea barua hii, kwa kuwa wewe huendi dukani kusoma kompyuta hadi Jumamosi. Ukimaliza kuisoma, ondoka. Usipite stendi. Redempta aseme hajakuona. Huko utakakokwenda usinitajie hata mimi, kwa lugha yoyote.

Mama anakuwekea mkono kichwani kutoka huku mlimani. Msalimie Redempta, umwambie tunamshukuru kwa kukuhifadhi.

Dada yako akupendaye,
Beatha

Novatus anawasha lori, naongeza haya kwa haraka. Mchana huu, saa ileile ya siku zote, nimejaribu kukuandikia kwenye kompyuta pia. Mtandao umefunguka mara moja, na barua imekwenda bila kukwama hata kidogo. Nimekimbia hadi stoo. Ina kufuli kwa nje, na Wilbard haonekani kijijini. Leo hakuna aliyeinua mkonga.