Bata Mwenye Kofia Nyekundu

Mjukuu wangu Nekesa,

Natumaini hujambo huko Nakuru. Hapa Malaba tuko wazima. Nyanya yako amemaliza kuvuna mtama, sasa ananigombeza mimi, maana tangu asubuhi nakaa, nasimama, naenda langoni, narudi. Ni swali lako hilo: uchapishe kwenye vikombe na fulana michoro uliyowachorea wateja?

Miaka ya sabini nilikuwa napaka michoro kwenye malori yakingoja kuvuka mpaka. Dereva mmoja, Juma, nilimchorea bata mwenye kofia nyekundu, juu ya kioo cha mbele cha lori lake. Watu walimpenda sana yule bata, nami nikaanza kumchora kwenye sinia za bati. Zilinunuliwa hadi Funyula.

Siku moja Juma akarudi.

“Fundi, jana nimekula ugali Tororo juu ya bata yangu! Mama watoto akiona hiyo bata ikija, anaweka maji motoni. Sasa iko kila jikoni, itakuwa aje yangu? Ifute!”

Nilichukua brashi. Nikapaka rangi juu ya bata.

Chapisha, mama. Lakini mchoro uliomchorea mtu, mwendee kwanza. Ningemwendea Juma, pengine sinia zile angenibebea yeye mwenyewe.

Aliondoka kwenda kwake Busia bila bata. Mpaka leo sijui mkewe aliweka maji motoni saa ngapi, na likipita lori lisilo na mchoro nakwenda langoni kulitazama.

Ni mimi babu yako.