Waamuzi wa Ramadhani

Mama,

Nakuandikia kutoka hapa Mpendae, kwenye chumba cha uani ulichokuwa ukikipenda kwa upepo wake. Watoto wako skuli. Sijui barua hii naipeleka wapi, lakini mwengine wa kumwambia haya sina. Kila mtu siku hizi ana upande wake, na wewe peke yako ndiye uliyekuwa huna.

Shamba bado limefungwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeniuliza kabla hata hujaitikia shikamoo yangu.

Jambo lenyewe lilianza dogo, Mama. Baba alipofariki, ndugu yake, Ami Makame, alisema kuwa shamba la njia ya Kizimbani walipewa wao wawili na Umoja wa wakulima, na nusu ni yake. Wewe ukasema mikarafuu ile uliipanda wewe na mumeo, na Makame hakushika hata jembe. Hukugombana naye. Ulisema, "Twende kwa waamuzi. Wakinipa nitashukuru, wakininyima nitanyamaza." Kumbe waamuzi wenyewe hawapo.

Katiba ya Umoja wetu wa wakulima wa viungo inataka waamuzi watatu. Mwenyekiti huwataja, baraza la wajumbe huwapitisha. Wale wa zamani muda wao ulikwisha, na wajumbe wasiomtaka mwenyekiti wakaapa kuwa jina lolote analolileta yeye halitapita. Kila majina yakitaka kusomwa, wao hunyanyuka wakatoka, na akidi inavunjika. Kaka Suleiman, mwanao wa kwanza, alikuwa akitoka nao.

Na shamba lenye kesi halichumwi. Msimu ule karafuu zilichanua mtini mpaka zikaanguka. Nilikuja Ijumaa moja nikakukuta umesimama mpakani. Nilikuita, hukuitika. Ulikuwa unanusa tu.

Ulipoingia mwezi wa Ramadhani, baraza likenda mapumziko, na mwenyekiti akaona mwanya. Kuna kifungu kinachomruhusu kuteua mwenyewe baraza linapokuwa mapumzikoni. Wakili aliyetuandikia katiba alikiiga Marekani, ambako rais naye huweza kuteua majaji wakati baraza linalowapitisha liko mapumzikoni. Basi mwenyekiti akateua watatu bila ya kumuuliza mtu. Walikuwa watu wazuri, Mama, hilo halina ubishi. Walikwenda shamba na saumu zao, wakaikagua miti, wakawauliza majirani. Wakakupa haki yako. Siku ile ulifuturisha jirani zako wote, na Ami Makame ukampelekea bakuli la uji na kaimati, naye akapokea.

Baada ya sikukuu baraza likarudi. Siku hiyo wapinzani hawakutoka, walijaa wote. Wakapiga kura kwamba uteuzi ule haukuwa halali, na kila walichokiamua waamuzi wale kimefutika. Suleiman alinyosha mkono pamoja na wenzake.

Alikuja kwako jioni ile ile. Mimi nilikuwepo, nikipepeta mchele. Alikaa chini, hakukaa kwenye kiti. Akasema, "Mama, hatukukupinga wewe. Leo kateua watu wema, kesho atateua vibaraka wake. Tukimwachia, tumekwisha."

 Ukamwambia, "Mwanangu, huenda ikawa kweli. Lakini mimi kesho yako siioni, naiona miti yangu."

Hukumkaripia. Ulimpakulia akala. Mimi ndiye niliyeshindwa kumtazama.

Daktari alisema ni presha. Sisemi kesi ndiyo iliyokuua, kwani ajali ya mtu, siku yake ya kuondoka, iko kwa Mola wake. Nasema tu kuwa ulikuwa ukilala na kuamka nayo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kukutua mzigo huo.

Sasa nikwambie yaliyokuja baada yako.

Ami Makame alilibeba jeneza lako mpaka makaburini, na umri wake ule. Khitma yako ilipokwisha kusomwa aliniita pembeni. Amekonda. Akasema, "Zuhura, nshachoka. Hata kushindwa, ningependa nishindwe na mtu." Tukazungumza pale pale, mimi na yeye na wanawe. Tukakubaliana tugawane nusu kwa nusu, mpaka uwe ule mnazi ulioegemea. Najua wewe ulikuwa na haki zaidi ya nusu. Nilikubali kwa sababu nilitaka karafuu zichumwe na mtu yeyote mwenye damu yetu. Tukapeana mikono, na Ami akalia.

Nilidhani tumemaliza, Mama. Nilikwenda ofisi ya Umoja nimejaa furaha kama mtu anayepeleka posa. Karani akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanambia kwa upole kuwa hata suluhu ya nyumbani lazima ithibitishwe na waamuzi ndipo zuio la shamba liondoke. Nikamuuliza, "Waamuzi gani?" 

Na safari hii hata Ramadhani haitatusaidia. Wapinzani wamejifunza. Ili mwenyekiti asipate tena kusema kwamba baraza liko mapumzikoni, wamekataa kulifunga. Kila Alkhamisi wanampeleka mjumbe mmoja ukumbini. Anaingia peke yake, anasema kikao kimefunguliwa, kisha anasema kimeahirishwa, anafunga mlango na kwenda zake. Hiyo inahesabiwa kuwa baraza linakaa, kwani kufungua na kuahirisha tu hakutaki akidi. Mjumbe huyo mara nyingi ni Suleiman. Nilimkuta siku moja anatoka, funguo mkononi, viti vyote vitupu nyuma yake. Hatukusemezana ila salamu.

Baadaye nilikwenda kwake. Nilimweleza juu ya Ami, juu ya suluhu, juu ya karafuu. Nikamwomba kitu kimoja tu: kikao kikubwa kinachokuja, majina yakisomwa, asitoke. Kwa hesabu ya wajumbe, yeye peke yake akibaki, akidi inatimia.  Mkewe akamwambia, "Ni shamba la mama yako, baba Khamis." Akajibu kwamba wenzake wamemwamini, na mtu akishavunja safu mara moja hana pa kurudi. Halafu akasema, "Nitajaribu."

Nikaomba ruhusa dukani ninakofanya kazi, kule Mkunazini, nikenda kwenye kikao. Wanachama tunaruhusiwa kukaa nyuma. Mwenyekiti akatangaza majina matatu ya waamuzi, na pale pale viti vikaanza kukwaruza sakafu. Wakanyanyuka mmoja mmoja. Suleiman hakunyanyuka. Alikuwa ameweka mikono juu ya mapaja, anatazama mbele.  Kiongozi wao alisita mlangoni, akageuka, akamngoja. Kaka akazungusha kichwa akanitafuta nilipokaa. Macho yake yalikuwa mekundu. Kisha akasimama, akatoka.

Ukumbi ukabaki nusu. Mwenyekiti akakunja karatasi yake, akatuambia twende salama.

Sijui nifanye nini, Mama. Nimemfikiria kila aliyemo humu, na kila mmoja, nikimsikiliza, ana sababu yake. Mwenyekiti anayo, kaka anayo, wewe ulikuwa nayo, Ami naye. Na karafuu ziko tena mtini, zimeanza kupata wekundu.

Usia ulioniachia, kwamba shamba lifunguliwe, nimeushindwa. Nisamehe kwa hilo. Lililobaki katika uwezo wangu ni dogo, nalo nakuahidi: Suleiman akija mlangoni kwangu, nitamfungulia, nitampakulia, na sitamuuliza chochote. Bado hajaja. Nikipika naweka na sahani yake.

Lala, mama yangu. Mwenyezi Mungu akupe hakimu asiyengoja kupitishwa na mtu.

Mwanao,
Zuhura