Sindano, Gemu na Mikono ya Daktari

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako haraka, maana nakuandikia huku kitu nilichokiiba nimekikalia. Mimi ni fundi cherehani, nashona kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, na mume wangu ni daktari anayesomea upasuaji, ule wa matundu madogo ambao hawampasui mtu tumbo lote, wanapitisha kamera na vyuma virefu vyembamba kisha wanaangalia kwenye skrini. Ni mtu mpole, hanywi, hagombani na mtu, lakini akirudi kazini anavua viatu, anamsalimia mtoto, anakaa mbele ya televisheni na kushika rimoti ya gemu, kuna kadude kanapita kwenye mapango membamba naye anakaongoza kasiguse kuta, na ukimwambia maji ya kumwogesha mtoto yanapoa anakujibu, "Nakuja mke wangu, haya ni mazoezi," halafu haji.

Nilivumilia mpaka wifi yangu, dada yake mkubwa, alipokuja kututembelea akamkuta amekodoa macho, akaniita jikoni akaniambia, "Wifi, mtu mzima anayecheza gemu ni mtoto aliyeota ndevu, na wewe ndiye unayemlea." Maneno yale yaliniingia. Nikamwuliza mume wangu mazoezi gani hayo, akasema yanamnolea mikono ya kazi, basi nikaona isiwe tabu, nikaleta sindano yangu nyembamba na uzi mweusi nikamwambia kama mikono imenolewa, tunga. Mshauri, alihangaika. Alilamba uzi, akafumba jicho moja, akakosa, akakosa tena, wifi akacheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Daktari wetu huyo, Mungu awasaidie wagonjwa," na mume wangu akaiweka sindano mezani taratibu, akasema, "Siyo kitu kilekile," akaondoka zake.

Kesho yake alipokuwa kazini nikaichukua rimoti nikaifukia kwenye gunia la mabaki ya vitambaa, na gunia hilo ndilo ninalokalia nikishona. Aliporudi akatafuta chini ya makochi, akatafuta kabatini, mwisho akamwuliza mtoto kwa ukali, mtoto akalia kwa kosa lisilo lake, nami nikaendelea kukanyaga cherehani kama sisikii. Tangu hapo tunaongea mambo ya chumvi na sabuni tu. Jumatatu bosi wake atamwachia vyuma kwa mara ya kwanza, atoe mfuko wa nyongo wa mgonjwa huku bosi amesimama pembeni, na akishindwa atarudi kuwashikia wenzake kamera sijui mpaka lini. Anasema bila mazoezi yake mikono inakuwa mizito. Mimi naona anatafuta wa kumlaumu. Nimrudishie, au nimwokoe na utoto huu?

Fundi wa chumba cha mbele

JIBU

"Mtu mzima anayecheza gemu ni mtoto aliyeota ndevu." Sentensi tamu hiyo, inakaa vizuri mdomoni, na ni ya uongo. Wifi yako amepima kazi asiyoijua kwa mizani ya jikoni, nawe fundi mzima ukamshikia mizani.

Wapo watafiti waliowapima wapasuaji wa aina hii, na nimesoma walichoandika. Mara nyingi waliozoea gemu walionekana wepesi zaidi, na makosa yao kwenye mazoezi ya vyuma hivyo yalikuwa machache. Hawakusema gemu inamfanya mtu kuwa daktari. Hata cherehani haimfanyi mtu kuwa fundi. Unawajua wangapi wanayo ndani na bado wanakuletea wewe suruali za kupunguza?

Sasa sindano yako. Dada yangu, ulitunga mtihani wa kazi yako ukamfanyisha mtu wa kazi nyingine. Wewe ukitunga uzi, macho yako yapo kwenye vidole. Mumeo akiwa kazini haangalii vidole, anaangalia skrini, na chuma kimepita kwenye tundu la ngozi: mkono ukienda kulia, ncha iliyo ndani inakwenda kushoto. Picha ni bapa kama karatasi, na kuta anazokwepa kuzigusa ni za mtu aliye hai. Alikuambia siyo kitu kilekile. Ulikuwa ukweli mtupu, mkaucheka.

Huniamini? Chukua boksi la viatu, tupia kifungo ndani, toboa matundu mawili kwenye mfuniko. Kata upande mmoja, simamisha simu hapo, kamera ikiangalia ndani. Pitisha vijiti viwili virefu kwenye matundu, kisha kiokote kifungo huku ukitazama simu tu. Mwite wifi naye ajaribu. Safari hii mtacheka wenyewe.

Lakini daktari naye asidhani amepona. Bwana, mkeo si mgonjwa wa kutupiwa neno moja mlangoni. Mtu anayeweza kumweleza bosi wake operesheni nzima anashindwaje kumweleza mkewe pango? Mwogeshe mtoto kwanza, kula na wenzako, halafu ukae na gemu yako kwa muda mliokubaliana, na hakuna atakayekufukia rimoti. Na lile sanduku la hospitali la kujifunzia vyuma usilikimbie. Gemu isiyofuatwa na vyuma ni burudani. Si dhambi, ila iite burudani.

Fundi, kilichonikera kuliko yote ni yale machozi ya mtoto. Alilia kwa wizi wako, ukakanyaga cherehani. Kwa hiyo leo, kabla hujashona hata upindo mmoja, inuka juu ya gunia, mpe mumeo rimoti mbele ya mtoto, useme, "Mimi ndiye niliyeificha." Usingoje Jumapili. Sidhani mikono imeharibika kwa siku hizi chache. Kilichoharibika ni utulivu, na mtu hasimami mezani pa upasuaji na kinyongo cha sebuleni. Ikifika Jumatatu naye bado hajatulia, amwambie bosi wake waziwazi. Kuahirisha si aibu. Yuko mgonjwa ambaye hana habari na gunia lako, na atalala pale akiamini kwamba mikono iliyo juu yake haikunyimwa chochote.

Nanyi mawifi mnaosoma ukurasa huu, huyo wa jikoni akiwa wa kwanza: mkimkuta kaka yenu na rimoti, msimwite mkewe pembeni. Kaeni mbele ya boksi, tazameni simu, okoteni kifungo kimoja. Mkishakiokota, njooni tubishane. Mkishindwa, kamwogesheni mtoto, maji yanapoa.